Mavuno Hayaishii Shambani

Mvua zinapotuaga huku Malemba-Nkulu, mnamo mwezi wa Aprili na Mei, kazi za nyumbani hugeuka sura. Alfajiri ukungu umelala juu ya Lualaba, na mto ungali umejaa, maana maji yaliyokusanyika katika maziwa na mabwawa ya Upemba hayana haraka ya kutoka. Uani mwa kila nyumba mikeka imetandazwa, nayo imejaa mahindi, karanga na mihogo iliyolowekwa. Mtoto wa miaka sita ameketi kivulini, ufito mrefu mkononi, akiwafukuza kuku na mbuzi. Mpita njia hudhani mtoto huyo anacheza. Kumbe analinda chakula cha mwaka mzima.

Siku ile ya kuleta kapu la mwisho kutoka shambani, wengi wetu husema, "Tumekwisha kuvuna." Neno hilo si kweli. Mavuno huanza shambani, lakini hukamilika nyumbani: penye mkeka, penye moshi wa jiko, na penye mazungumzo ya mume na mke.

Tuutazame kwanza mkeka. Punje ya hindi, hata ikionekana kavu kwa nje, yaweza kuwa na maji ndani yake. Ikiwekwa ghalani hivyo hupata joto, kisha huota kuvu. Kuvu za namna fulani huzaa sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini, na ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Habari zake zilianza kujulikana mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga zilizoharibika. Nasi Waafrika tumeuonja uchungu wake. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani huko Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye kuvu, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haimalizwi na moto wa jikoni. Basi mahindi yaliyoota kuvu usiyasage, usiyatie katika pombe, wala usiwatupie kuku; wakumbuke wale bata mzinga.

Je, tutajuaje kwamba mahindi yamekauka? Yako majaribio mepesi, ambayo hata mwanafunzi aweza kuyafanya. Twaa chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia kikombe kimoja cha mahindi, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi uliyoikausha kwanza juu ya moto na kuiacha ipoe. Ziba chupa, uitikise dakika chache, kisha uiache robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe mkekani. Ikianguka yote chini, yaweke ghalani bila hofu. Na kila jioni yaingizwe ndani kabla ya umande kushuka.

Pili, moshi wa jiko. Nyanya, aliyekwisha kuona mavuno mengi, hachukui mbegu katika gunia lolote. Huchagua mahindi makubwa yenye maganda yaliyoziba vizuri, huyafunga mawili mawili, na kuyatundika juu ya jiko. Moshi huyakausha na kuwafukuza fukusi. Watoto wakimwuliza, "Nyanya, mbona hayo mazuri hatuyali?" huwajibu, "Hayo ni ya shamba, wajukuu wangu. Ninyi mmekwisha kula yenu." Mwezi wa Oktoba, mvua zikirudi, jamaa yenye nyanya wa namna hiyo haiendi kuomba mbegu kwa jirani.

Tatu ni mazungumzo, na hapa ndipo jamaa nyingi hujikwaa. Baada ya mavuno wachuuzi huja, wengine kwa baiskeli, wengine kwa mashua zinazopanda mto kwenda Bukama penye reli. Wanajua kwamba wakati huu kila mtu ana mahindi, kwa hiyo bei ni ndogo. Mama yuko mtoni akiloweka mihogo. Baba yuko uani, naye huuza. Jioni mama huliangalia ghala na kusema:

"Baba, magunia matano hayapo."

"Tumepata fedha, mama. Yakipungua tutanunua mengine."

"Tutanunua mwezi gani, baba, na kwa bei ya nani?"

Swali hilo lastahili jibu kabla ya mchuuzi kufika, si baada yake. Simlaumu baba. Fedha zinahitajika: kuna sabuni, chumvi, nguo, madaftari ya watoto na dawa. Lakini Januari, mahindi mapya yakiwa bado mabichi shambani na ghala likiwa tupu, jamaa hiyo hununua kwa bei kubwa chakula kilekile ilichokiuza kwa bei ndogo. Jasho ni lake, faida ni ya mwingine, na watoto hulala njaa.

Basi wanafunzi, twaeni kalamu. Tuseme jamaa imevuna magunia 12, nayo hula gunia moja kila mwezi. Tangu Mei hadi mwisho wa Februari ni miezi 10. Weka nusu gunia kwa mbegu, na nusu kwa wageni na misiba. Linabaki gunia 1 tu la kuuza. Lakini mama akipika bukari ya nusu mahindi na nusu mihogo, chakula cha miezi 10 ni magunia 5, na ya kuuza ni 6. Angalieni! Mihogo ile aliyoiloweka mama mtoni, siku tatu barabara, ndiyo iliyoleta fedha nyumbani. Itakuwaje basi aliyeileta asiulizwe neno wakati wa kuuza?

Wazee wa bonde hili hawakuidharau kazi ya jikoni. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, mengine ya miaka kama elfu moja iliyopita. Kando ya wafu walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, hata majiko ya udongo. Chombo cha kupikia kilipewa heshima ya kumsindikiza mtu kaburini.

Jumapili hii, baada ya chakula, baba na mama wakae pamoja mbele ya ghala, wayahesabu magunia, na mtoto anayejua hesabu aandike. Wahenga husema akiba haiozi. Ni kweli, ikiwa imekauka, na ikiwa wenye nyumba wote wawili wanaijua idadi yake.