Ramani ya Mwana wa Mhunzi

Ndugu mwanafunzi, wako wanaodai kwamba elimu huanzia kwa wenye vyeo, kisha ikawateremkia wengine. Ukikutana nao, waulize: ni nani aliyechora ramani kubwa ya miamba ya England na Wales iliyotolewa mwaka 1815?

Ni William Smith, mwana wa mhunzi, ambaye hakusoma chuo kikuu chochote. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi. Huko Somerset alishuka katika migodi ya makaa ya mawe na kusimamia uchimbaji wa mfereji wa kuyasafirishia. Humo, palipofukuliwa na vibarua, aliona kwamba miamba imelala tabaka juu ya tabaka kwa mpangilio maalumu, na kwamba matabaka hutambulika kwa visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Kwa alama hizo aliweza kulifuata tabaka moja kutoka wilaya hadi wilaya, akalipa rangi yake katika ramani.

Tafakari uzito wa jambo hilo. Ramani za kawaida huonyesha uso wa nchi: mito, barabara, mipaka. Ramani ya Smith ilifundisha macho kuona kina, na kina hicho ni wakati. Tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata. Ardhi ikawa kitabu chenye kurasa zinazosomeka.

Mabwana walimlipa nini? Jumuiya ya Jiolojia ya London, iliyoundwa mwaka 1807, haikumpokea kuwa mwanachama. Mwaka 1819 alifungwa kwa sababu ya madeni. Mwaka 1820 rais wa kwanza wa jumuiya hiyo, George Greenough, alitoa ramani iliyochota katika kazi ya Smith. Heshima ilimfikia mwaka 1831, jumuiya ile ile ilipomtunuku nishani ya Wollaston.

Watasema: si hatimaye alitambuliwa? Nami nakataa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakuambiwa wampe baada ya miaka kumi na sita. Na vibarua walioufukua mfereji ule, ramani haiwataji hata leo.

Basi, kila ufunguapo ramani, usiulize tu inaonyesha nini. Uliza pia ni jasho la nani lililoiwezesha.