Daftari la Wiki: Kizibo Kinachopitisha Pumzi

Kuna neno la Kiingereza ambalo Waingereza wengi wenyewe hawalijui: fipple. Ni kizibo, lakini si cha chupa wala cha pipa. Ni kipande cha mti kinachopachikwa ndani ya mdomo wa rekoda, ile filimbi ya matundu wanayofundishiwa watoto muziki shuleni. Hakiuzibi mdomo huo wote. Juu yake fundi huacha mwanya mwembamba. Pumzi hupita humo, ikabanwa na kuelekezwa kwenye ukingo mkali uliochongwa kwenye dirisha la filimbi. Ikigonga ukingo huo huyumba ndani na nje, hewa ya ndani ikatetemeka, sauti ikatoka. Mpigaji wa filimbi ya ubavuni hana budi kuifunza midomo yake kazi hiyo. Mwenye rekoda amekwisha kufanyiwa na fundi, ndiyo maana mtoto hupata sauti siku ileile anayoishika. Na kizibo kikikaa vibaya kidogo tu, hata bingwa hana la kufanya.

*

Francis Bacon, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1626, alilitumia neno hili katika Sylva Sylvarum, kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake. Alitaka itengenezwe filimbi yenye urefu wa rekoda mbili na vizibo viwili, kimoja kila ncha, watu wawili waipulize wimbo mmoja kwa pamoja, kisha isikilizwe: sauti itavurugika, itakua au itafifia? Nalipenda swali hili kwa sababu linajibiwa kwa kuchonga na kupuliza, wala si kwa mabishano.

*

Mabishano hayakukosekana, lakini. Wataalamu wa ala hawakukubaliana kama neno ni la kizibo peke yake au la kichwa kizima cha filimbi, na wengine wakashauri liachwe kabisa. Mimi naona libaki, kwa maana ya kizibo tu, kwani kitu chenye kazi nzito hivi kinastahili jina lake. Wajerumani walikipa heshima kubwa zaidi: ala nzima wanaiita Blockflöte, filimbi ya kizibo.

*

Mwaka 1940, kwenye handaki la maji la ngome moja karibu na Dordrecht, Uholanzi, ilipatikana rekoda ya zama za kati. Kizibo chake kilikuwa kingalipo. Kilichoharibika ni ukingo, kwa hiyo filimbi ile haipigiki.

*

Mafundi wengi huchonga kizibo kwa mwerezi, kwa kuwa hunywa unyevu wa pumzi bila kuvimba sana. Mwili huweza kuwa wa mti mwingine kabisa, na baadhi ya rekoda nzuri ni za mpingo, mti wa misitu ya kusini mwa Tanzania, Kilwa ikiwemo. Mpingo ni mgumu na mzito, haufai kuwa kizibo. Miti miwili yenye tabia zinazopingana, na sauti hutoka katikati yao.

*

Pwani yetu nayo ina kizibo chenye jina lake: nguruzi, kinachoziba tundu la chini la chombo. Chombo kikipwelewa, baharia hukichomoa maji ya ngama yatoke. Vijana wengi wa mjini hawalijui neno hili, nami ningependa kulisikia tena midomoni mwao.

*

Kwa wazazi wa Kenya, ambao mtaala wa umilisi umewaletea rekoda hadi sebuleni: filimbi ikianza kukoroma, ni unyevu uliojikusanya kwenye ule mwanya. Mtoto azibe dirisha kwa kidole na kupuliza kwa nguvu mara moja. Kabla ya kupiga, akishike kichwa cha filimbi kiganjani kipate joto, unyevu utapungua. Asichokonoe kwa sindano wala njiti. Mkwaruzo mdogo juu ya kizibo unatosha kuiharibu sauti.