Sime na Ala Yake
Sime niliyoirithi kwa baba ilifuliwa na mhunzi wa Kimaasai, wa Ilkunono, jamii ya wafua chuma, kwa springi ya gari. Bapa lake ni jembamba penye mpini, kisha linatanuka kuelekea nchani, makali pande zote mbili. Uzito uko mbele, ndiyo maana pigo lake ni zito.

Kinachonivutia zaidi ni ala: vipande viwili vya mti vilivyovishwa ngozi mbichi, ikakaukia hapo hapo, ikabana, ikapakwa rangi nyekundu. Sime haikwami humo wala haichezi.

Inaniuma kuona kazi hii ikipigiwa bei ya kutupa. Ilkunono wamedharauliwa vizazi na vizazi, hata na Wamaasai wenzao. Walipwe kama mafundi. Sime ya baba bado inanyoa nywele za mkono.