Kura Iache Karatasi
Nimekuwa karani wa uchaguzi hapa Kenya, na kila nikisikia mtu akidai tupigie kura kwenye skrini, namtajia Sarasota, Florida. Novemba 2006, katika kinyang'anyiro cha kiti cha Bunge la Marekani, mashine za kaunti hiyo zilionyesha kwamba wapigakura wapatao 18,000 hawakumchagua yeyote. Mshindi alitangazwa kwa tofauti ya kura 369. Kura zirudiwe kuhesabiwa? Karatasi haikuwepo, kurudia ni kuiuliza mashine ile ile swali lile lile. Mwaka uliofuata Florida ilipitisha sheria ya kurudi kwenye karatasi.

Kwetu, kifaa cha KIEMS humtambua mpigakura na kutuma fomu ya matokeo. Kura yenyewe ni karatasi. Kuhesabu usiku kunachosha, sikatai. Mawakala hubishania alama iliyovuka mstari hadi unatamani kwenda zako. Lakini wanabishania kitu wanachokiona wote. Mwaka 2017, kesi ya urais ilipofika Mahakama ya Juu, tume ya uchaguzi haikuzifungua sava zake kikamilifu. Lakini fomu za matokeo za karatasi zilikaguliwa.

Waheshimiwa wabunge, msitupitishie mashine ya kupigia kura isiyotoa karatasi.