Mlipeni mfamasia kwa ushauri anaoutoa

Daktari wa kliniki ya presha humwona mgonjwa wake mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Mimi humwona kila mwezi, pengine kila wiki, kwa sababu dawa zake ananunua kwangu. Najua nani anameza nusu dozi mwisho wa mwezi kwa kuwa pensheni haijaingia. Najua nani ameandikiwa dawa ileile na madaktari wawili, kwa majina mawili tofauti, na anameza zote. Miaka yangu nyuma ya dirisha la famasi hapa Ngamiani, Tanga, imenifanya niamini kwamba utafiti uwe mzuri kiasi gani, mgonjwa wa nje haumfikii mpaka upite kwenye dirisha hili. Nasi tumeliacha dirisha hili liwe la kupokelea pesa tu.

Chukua aspirini ya kiwango cha chini, ile ya miligramu 75 au 100, ambayo wateja wangu huiita dawa ya kulainisha damu. Kwa miaka mingi wazee walishauriwa wameze kidonge kimoja kila siku kuzuia kiharusi na shambulio la moyo, hata kama hawajawahi kuugua moyo. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Australia na Marekani uitwao ASPREE. Watu 19,114, wengi wao wenye miaka 70 na kuendelea na wasio na historia ya maradhi ya moyo, waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa aspirini, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa na afya njema, wala haikupunguza maradhi ya moyo kwa kiasi cha kutajika. Iliongeza kuvuja damu. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, waliovuja damu vibaya walikuwa 8.6 upande wa aspirini na 6.2 upande wa pili. Baada ya hapo miongozo ya Marekani ikabadilika, na leo haishauri mtu mwenye miaka 60 au zaidi, asiye na ugonjwa wa moyo, aanzishiwe aspirini ya kujikinga.

Habari hizo zilimfikiaje mwalimu mstaafu anayekuja kwangu kila mwezi? Hazikumfikia. Alikuja asubuhi moja na bakora yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe zile zangu za siku zote."

Zake za siku zote ni amlodipini ya presha, aspirini, na diklofenaki ya goti ambayo alianza kujinunulia mwenyewe. Nikamuuliza kama aliwahi kupata kiharusi au kuambiwa moyo una shida. Hajawahi. Tumbo je? Linaunguza kidogo. Na choo kikoje? Akasita, maana si swali la kumuuliza mzee mbele za watu. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Cheusi, lakini mchicha nakula sana."

Mchicha hauwezi kueleza choo cheusi kama lami kwa mtu anayemeza aspirini na diklofenaki pamoja. Dawa hizo mbili zikikutana hulichubua tumbo, na juu ya hapo diklofenaki huipandisha presha ileile ambayo amlodipini inahangaika kuishusha. Sikumuuzia diklofenaki wala aspirini. Niliandika nusu ukurasa kwa daktari, nikaeleza anameza nini, tangu lini, na choo kikoje, nikampigia mwanawe aje amchukue ampeleke hospitali siku ileile. Alipopimwa, damu ilikuwa imeshuka. Daktari alizisimamisha zote mbili, akampa omeprazoli ya tumbo na parasetamoli ya goti.

Nisieleweke vibaya. Aliyewahi kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha damu kuganda, aspirini yake ina kazi kubwa na asiiache bila kuongea na daktari wake. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kumalizwa kwa tangazo la redio. Linahitaji mtu wa kumuuliza huyu mgonjwa, leo, maswali yanayomhusu yeye.

Mazungumzo yale yalichukua dakika zisizopungua ishirini. Foleni ilirefuka, wateja wengine wakaenda duka la jirani. Dawa ninayoiuza ina faida yake, lakini sijawahi kulipwa hata shilingi moja kwa dawa niliyoshauri isitumike. Mfumo wa namna hiyo unamwadhibu mfamasia kila anapofanya kazi aliyoisomea.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa miongozo hawalioni, nalo ni foleni yenyewe. Dada mmoja mjamzito alikuja kuomba vidonge vya kutafuna vya kiungulia. Ni dawa ya kawaida, haihitaji cheti. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia. Akageuka, akaangalia nyuma yake, akasema, "Zile za kliniki tu." Nikamwita pembeni, kwenye stoo ndogo ya maboksi, ndipo akaniambia kuwa yuko kwenye dawa za kufubaza virusi. Tangu 2019 Tanzania imekuwa ikiwapa watu wanaoishi na VVU dawa yenye dolutegraviri, na ni dawa nzuri sana. Ila magnesiamu na aluminiamu zilizo kwenye vidonge vya kiungulia hushikana nayo tumboni, ikaingia mwilini pungufu. Dawa ya virusi inatakiwa imezwe saa mbili kabla ya ile ya kiungulia, au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki navyo vina sharti lake: avimeze na dawa ya virusi pamoja na chakula, au atenganishe kwa saa hizohizo. Tulipanga ratiba kwenye kipande cha karatasi, kuanzia chai ya asubuhi mpaka wakati wa kulala.

Kama ningemuuliza palepale dirishani kwa sauti, angesema hana dawa nyingine, angelipa, angeondoka. Virusi vingepata nafasi ya kuongezeka, na mtoto yumo tumboni. Kwa hiyo ninapodai chumba kidogo chenye mlango katika kila famasi, nadai kifaa cha tiba sawa na mashine ya presha.

Wapo madaktari wanaoona mfamasia anavuka mpaka. Nawaomba watazame kilichofanyika Los Angeles. Dk. Ronald Victor na wenzake waliwaweka wafamasia kwenye saluni za kunyolea wanaume weusi. Utafiti ulihusu wanaume 319 wenye presha ya juu katika saluni 52, na matokeo yake yalichapishwa 2018. Upande mmoja kinyozi alimhimiza mteja abadili mwenendo wa maisha na aende kwa daktari. Upande wa pili mfamasia alikuja palepale saluni, akapima presha, akaanzisha na kurekebisha dawa kwa makubaliano ya maandishi na madaktari. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa wastani wa pointi 27 kwa waliohudumiwa na mfamasia, na pointi 9 kwa wengine. Daktari hakunyang'anywa mgonjwa. Alipata mtu wa kumfuatilia katikati ya kliniki moja na nyingine.

Sisi wenyewe nasi tuna ya kurekebisha. Ziko famasi ambazo cheti cha mfamasia kinaning'inia ukutani na mwenyewe hayupo mwezi mzima. Ziko zinazouza siprofloksasini kwa kila anayesema ana UTI, bila kipimo wala cheti cha daktari. Hatuwezi kudai malipo ya ushauri huku mshauri hayupo dukani. Baraza la Famasi lina sheria ya 2011 mkononi, liitumie bila huruma.

Na kazi hii ya kushauri haingoji. Nchi hii iliacha klorokwini 2001, ikaacha SP kama tiba ya kwanza ya malaria 2006, ikaingia dawa mseto, na tayari Kagera kumeonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Mwenye malaria akipewa mseto bila kuambiwa aumeze na chakula chenye mafuta, maziwa au karanga hata kama hana hamu ya kula, dawa haifyonzwi ipasavyo. Dakika moja ya maelezo inatosha, na mara nyingi haitolewi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023. Naiomba Wizara ya Afya, inapoendelea kupanga kitita cha huduma, iweke humo malipo ya mfamasia kwa kazi ya kupitia upya dawa zote za mgonjwa wa presha, kisukari au VVU angalau mara mbili kwa mwaka, na iweke utaratibu wa maandishi wa kumwezesha kurekebisha dozi kwa makubaliano na daktari.

Nawe msomaji, safari ijayo ukienda famasi, beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba na zile ulizopewa na jirani. Ulizia mfamasia mwenye cheti yuko wapi. Akija, mwambie akueleze kila kidonge ni cha nini na kama bado unakihitaji.