Mlezi wa Watoto, Sema Mkutanoni

Wakati wa kilimo watoto wadogo wa kijiji chako huwa wapi? Wengine hubebwa mgongoni mpaka shambani. Wengine huachwa na dada zao, na dada hao hukosa shule. Wengi huachwa kwa bibi, kwa shangazi, au kwa jirani anayeaminika. Jirani huyo hukaa nao tangu asubuhi mpaka jua linapokaribia kutua. Huwapa uji. Huwaosha. Huwaimbia. Huwaamua wanapogombana.

Huenda jirani huyo ni wewe. Maneno haya ni yako.

Watu husema kwamba mlezi wa nyumbani anakaa tu na watoto. Sivyo. Mlezi huyo anafundisha. Mtoto anapohesabu vikombe vya uji, anajifunza hesabu. Anaposimuliwa hadithi ya sungura na fisi, anajifunza lugha. Anaposubiri zamu yake, anajifunza kuishi na wenzake. Wataalamu wanasema kuwa ubongo wa mtoto hukua upesi sana katika miaka ya kwanza. Kwa kawaida mtoto huingia darasa la awali akiwa na miaka 5. Basi kabla mwalimu hajamwona, mtoto amekwisha kukaa nawe miaka mingi.

Ikiwa unafundisha, ni lazima nawe usikilizwe pale mambo ya watoto yanapopangwa.

Mipango ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaeleza habari za vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Programu hiyo iliwahusu watoto hadi umri wa miaka 8. Ilitaja mambo 5 ambayo mtoto anahitaji. Nayo ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye upendo na usikivu, kujifunza mapema, na ulinzi. Hayo ni mambo mema. Tena ndiyo unayoyahangaikia kila siku nyumbani kwako.

Lakini mpango ulioandikwa mjini hauwezi kuujua ua wako. Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ofisa anaweza kufikiria kituo chenye jengo na sakafu ya saruji. Wewe una mkeka, kivuli cha mwembe na mtungi wa maji. Nani atamwambia kuwa mvua ikinyesha watoto wote huingia katika chumba kimoja? Nani atamwambia kuwa unga wa uji huisha kabla ya mavuno? Ni wewe. Usiposema, kanuni zitatungwa kana kwamba hupo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wengine wanaogopa. Wanasema, "Tukijitokeza, tutaambiwa tufunge." Hofu hiyo ina sababu. Kituo cha kulelea watoto hutakiwa kusajiliwa na kutimiza masharti. Lakini masharti si adui. Maji safi ni haki ya mtoto. Choo ni haki yake. Kisima kilichofunikwa huokoa maisha. Mlezi asiyejali mambo hayo hafai kuachiwa mtoto.

Swali ni hili: Masharti yapi yaanze, na mlezi asaidiwe vipi kuyatimiza? Mlezi akikatazwa bila kusaidiwa, watoto watapelekwa wapi? Watarudi shambani juani, au watafungiwa nyumbani peke yao. Hatari itazidi. Jambo hilo atalieleza vizuri mlezi mwenyewe, tena mapema. Ukijificha, unaweza kukatazwa vilevile, na hutakuwa umesema hata neno moja.

Wengine wanasema, "Mimi sikusoma." Lakini sasa unasoma ukurasa huu. Katika nchi yetu, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Shabaha haikuwa mtu kuandika jina lake tu. Shabaha ilikuwa atumie elimu kubadili maisha yake. Shabaha hiyo haijazeeka.

Basi fanya hivi. Nunua daftari. Kila siku andika idadi ya watoto waliokuja, na umri wao. Andika saa waliyofika na saa waliyochukuliwa. Andika walichokula. Andika nani ameugua. Baada ya miezi 3 utakuwa na jambo la kuonyesha. Mtu akisema, "Watoto hao ni wachache," utafungua daftari lako.

Kisha tafuta walezi wenzako. Kaeni pamoja, mkubaliane mambo 2 au 3 tu. Labda mtaomba kijiji kilime shamba la mahindi ya uji. Labda mtaomba mhudumu wa afya aje kila mwezi kuwapima watoto uzito. Labda mtaomba mwalimu wa darasa la awali awatembelee. Mchagueni mmoja wenu atakayesema.

Halafu nendeni kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huku Tanzania Bara, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuingia na kusema. Mkutano huo hutakiwa kufanyika kila miezi 3. Mwombeni mwenyekiti mapema aliweke jambo la watoto katika ajenda. Likikubaliwa, hakikisheni limeandikwa katika muhtasari na katika mpango wa kijiji. Mpango huo hupelekwa kwenye kata, kisha kwenye halmashauri ya wilaya. Diwani wenu huhudhuria vikao vya huko. Muulizeni jambo lenu limefika wapi. Lililoandikwa huweza kufuatiliwa. Lililosemwa tu husahauliwa.

Nanyi akina baba, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Mnapolima, mtoto wenu yuko mikononi mwa mlezi huyo. Akisimama mkutanoni, muungeni mkono.

Si kila ombi litakubaliwa siku ya kwanza. Msikate tamaa. Mkutano mwingine utakuja, na daftari litakuwa limejaa zaidi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mlezi, umewalea watoto wetu kwa mikono yako. Sasa watetee kwa kalamu na kwa kauli yako.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika kijiji chetu, nani huwalea watoto wadogo wakati wa kilimo?
2. Walezi hao wanahitaji msaada gani kwanza?
3. Mkutano Mkuu ujao ni lini? Nani atasema kwa niaba ya walezi?