Wazee wa Jangwa la Arizona na Majivuno Yetu

  

Imekuwa ada ya baadhi ya wahadhiri wetu, kila wafikapo katika mlango wa haki za wazazi, kuitolea mfano Marekani. Msikilizaji huambiwa kwamba huko mzee akishachoka hutupwa, na ushahidi unaotajwa sana, tangu picha zake zianze kuzagaa katika simu za watu, ni wale vikongwe wa kizungu wanaoishi ndani ya magari katikati ya jangwa. Jamaa huleta takbira, darsa hufungwa, na kila mmoja hurejea nyumbani kwake akiwa radhi na nafsi yake. Sisi hatukubaliani na mfano huu kwa namna unavyotolewa. Sehemu kubwa yake si kweli, na Allah (s.w.) katika Suratul Maidah, aya ya 8, ametukataza kuacha chuki juu ya watu itutoe katika uadilifu. Kisha ile ridhaa ya nafsi tunayoondoka nayo msikitini inatutia hofu zaidi kuliko lile jangwa.

Tuanze na ukweli wa jambo lenyewe. Magharibi ya mji wa Phoenix, mwendo wa kilomita 200 hivi kwenye barabara kuu iendayo California, upo mji mdogo uitwao Quartzsite. Wakazi wake wa kudumu katika sensa ya mwaka 2020 hawakufikia 3,000. Wakati wa kiangazi joto lake hupita nyuzi 40 na mji huwa kama umehamwa. Inapoingia baridi, wakati majimbo ya kaskazini kama Minnesota na Dakota yamefunikwa na theluji na maji yameganda katika mabomba, Quartzsite huwa na jua la upole, kiasi cha nyuzi 20 mchana. Basi huanza kuteremka misafara ya magari-nyumba, mengine makubwa kama basi la abiria, mengine ni vibanda vya kukokotwa, na malaki ya watu hupita hapo kabla baridi haijamalizika. Wengi wao ni wastaafu, mume na mke. Wamo pia Wakanada, ambao kwa kawaida huweza kukaa Marekani kwa muda wa nusu mwaka tu, na kwa hiyo huhesabu siku zao kwa makini. Wenyeji wamewapachika wote jina la ndege wa theluji.

Wenye uwezo hukaa katika kambi za kulipia, ambamo kila gari huunganishwa na umeme, maji na mfereji wa taka. Wengine hukaa katika ardhi ya serikali. Mwaka 1983 idara ya ardhi za umma ilitenga maeneo maalumu ya wageni wa muda mrefu katika majangwa ya Arizona na California, na mojawapo, La Posa, lipo mlangoni mwa Quartzsite. Msimu wake ni kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili, na kwa miaka mingi ada ya msimu mzima ilikuwa dola 180. Kwa miezi saba, hiyo haifiki dola moja kwa siku. Lakini hakuna bomba wala nguzo ya umeme kwenye sehemu ya mtu. Umeme hutoka katika vioo vya jua juu ya paa, na maji huchukuliwa katika tangi la gari, likiisha mtu huenda kituoni kujaza. Maji machafu nayo yana matangi yake, ambayo hayaruhusiwi kumwagwa mchangani.

Hapa tunaomba msomaji asimame nasi kidogo. Bibi na babu hawa, ambao kule walikotoka walifungua bomba bila kufikiri, sasa huosha vyombo kwa bakuli na huoga kwa kuyafunga maji wakati wa kujisugua. Hawana dini inayowaamrisha hayo, ni udogo wa tangi tu. Nasi tunaye Mtume (s.a.w.) ambaye imethibiti katika Sahihi mbili kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni ujazo wa viganja viwili, na akioga kwa pishi moja. Kisha tuyatazame mabomba ya misikiti yetu wakati wa adhana ya Magharibi.

Maisha ya siku ya wastaafu hawa ni mepesi kuyaeleza. Asubuhi ni kutembea kabla jua halijapanda. Mchana ni ufundi wa mikono, kucheza karata, au kuzunguka katika masoko ya mawe ya thamani, maana Quartzsite ina mnada wa mawe na madini kila Januari tangu miaka ya 1960. Jioni viti hutolewa nje na majirani hukusanyika kuzunguka moto. Kwa bahati mbaya vileo navyo mara nyingi huwapo. Jirani akivunjikiwa na pampu, wanaume watatu huja na masanduku ya vifaa kabla hajaomba. Gari lisilofunguliwa pazia hadi saa nne ya asubuhi hugongwa mlango. Huo ni ujirani, na hatuoni haya kuusifu. Wapo waliokufa peke yao katika mitaa yetu, hatua chache kutoka mlango wa msikiti, wakajulikana kwa harufu.

Na wakitaka kutibiwa meno, wengi huvuka mpaka karibu na Yuma na kuingia kijiji cha Los Algodones cha Mexico, ambacho kimejaa mamia ya madaktari wa meno. Sababu ni kwamba bima ya serikali wanayoipata wakifika miaka 65 haigharimii meno ya kawaida, na bei ya kwao haikamatiki. Mzee wa taifa tajiri kuliko yote huvuka mpaka kwa miguu kwenda kutafuta jino katika nchi maskini. Wahadhiri wetu wangetaja hili, lingewafaa zaidi kuliko lile la kutupwa.

Maana hawakutupwa. Wengi wao wameuza nyumba au wameifunga kwa msimu, na wanaishi kwa pensheni. Nchi yao ilipitisha sheria ya hifadhi ya jamii tarehe 14 Agosti 1935, katika dhiki ya mdororo mkuu wa uchumi, na mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara wake, na siku hizi huweza kuanza kulipwa akifikisha miaka 62. (Riba iliyomo katika mifuko mingine ya uzeeni ina mlango wake, hatuufungui leo.) Tunachotaka kionekane ni kwamba mzee huyu hamwombi mwanawe fedha ya sukari. Uso wake haujavunjwa. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, wapo waliozicheka. Aliyewahi kumwona mama mtu mzima akisubiri barazani hadi mkaza mwana akumbuke kuleta chai hakucheka.

Lipo kundi la pili, na hili halifanani na la kwanza. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 wapo waliopoteza nyumba na akiba zao wakiwa wamekwisha kuzeeka, wakaingia katika magari kwa kuwa pango hawaliwezi. Hao hufanya kazi za msimu wakiwa na miaka 65 au 70, kuvuna viazisukari kaskazini, kusafisha kambi, kupanga mizigo katika maghala. Mwandishi Jessica Bruder alikitoa kitabu juu yao mwaka 2017, kiitwacho Nomadland. Hawa dunia yao imewadhulumu kweli, na mwenye kutaka kuusema vibaya mfumo wa Magharibi awaanzie hawa. Lakini aliyewadhulumu ni mwenye benki zaidi kuliko mwana.

Basi kasoro iko wapi? Twaiona mahali ambapo wao wenyewe hawaioni. Tarehe 1 Januari 1960, karibu na Phoenix, ulifunguliwa mji wa wastaafu uitwao Sun City. Sharti lake ni kwamba katika kila nyumba awepo mtu wa miaka 55 au zaidi, na mtoto wa chini ya miaka 19 hawezi kufanya makazi humo. Kambi nyingi za magari zimefuata kanuni ya namna hiyo. Mjukuu ni mgeni, ana siku zake, zikiisha huondoka. Hapa hakuna mwana aliyemtupa mzazi. Wazee kwa hiari yao wamenunua mahali pasipo na kilio cha mtoto, na wakauita huo utulivu. Sisi tunaona wamejidhulumu. Nabii Zakaria (a.s.) alipodhoofika mifupa na kichwa chake kikang'aa kwa mvi, hakuomba raha, aliomba mtoto.

Na maradhi yakija? Ndipo ule ujirani wa moto wa jioni hufikia mpaka wake. Huko Livingston, Texas, chama kimoja cha wasafiri hawa kilichoanzishwa mwaka 1978 kilijenga katika miaka ya 1990 kituo ambacho mwanachama aliyeshindwa kuendesha huegesha gari lake kwa mara ya mwisho, akawa analala ndani yake na kupatiwa chakula na uangalizi. Ni kazi ya huruma, iliyofanywa na watu baki kwa watu baki. Bado twajiuliza hali ya mjane ambaye alikuwa abiria miaka yote, hajui kulirudisha nyuma gari la mita kumi, na mwanawe yu umbali wa siku tatu za barabara.

Kuna jambo jingine. Bukhari amepokea kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo. Mtu aliyestaafu akiwa mzima, jangwani, bila kelele wala deni, amepewa zote mbili kwa wingi. Miaka kumi na mitano ya faragha ya namna hiyo, kwa asiyemjua Mola wake, huishia katika karata na mawe ya rangi. Wanaishi kama wasafiri, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alimuusia Ibn Umar (r.a.), ila safari yao haina iendako.

Ajabu ni kwamba katika makaburi ya mji huohuo wa Quartzsite amelala mtu aitwaye Haji Ali. Alikuwa mchunga ngamia aliyeletwa kutoka nchi za dola ya Uthmaniya mwaka 1856, pale jeshi la Marekani lilipojaribu kuwatumia ngamia katika majangwa yake. Ulimi wa wenyeji ulishindwa na jina lake, wakamwita Hi Jolly. Baadaye alitumia jina la Kikristo, akaoa huko, akafa mwaka 1902. Mwisho wake kwa Mola wake hatuujui, nasi hatumhukumu. Juu ya kaburi wamejenga piramidi ya mawe na ngamia wa shaba kileleni, na hukumu ya kujenga juu ya makaburi msomaji wetu anaijua. Wastaafu hupiga picha hapo. Ni wangapi wanaojua kwamba neno lile la kuchekesha, Hi, lilikuwa Haji, yaani mtu aliyeikusudia Nyumba ya Mwenyezi Mungu?

Turudi kwetu. Tunadai kuwatukuza wazazi, na aya ya 23 ya Suratul Israa, inayokataza hata kuwaguna, twaihifadhi tangu chuoni. Lakini tuulizane: mzee anapougua, watoto sita huitana vikao vingapi kabla ya dawa kununuliwa? Na akifa, mchango wa hitima na arubaini hupatikana kwa siku moja, ng'ombe huchinjwa, na waliokosa nauli ya kuja kumwona akiwa hai huipata nauli ya kuja kula. Haya hayana asili katika sharia, na ubaya wake ni maradufu pale marehemu alipokufa kwa kukosa dawa ya shinikizo la damu.

Baya zaidi ni la Ramadhani. Wapo ndugu zetu wenye biashara, na wengine walioko Muscat, Dubai au Ulaya, ambao huwapelekea mama zao fungu la zaka. Tunawatanabahisha kwamba Ibn al-Mundhir amenukuu ijmai ya wanazuoni juu ya mambo mawili: kwamba wazazi maskini wasio na pato wala mali ni wajibu wa mtoto mwenye uwezo kuwapa matumizi, na kwamba zaka haipewi mzazi katika hali ambayo mtoto analazimika kumlisha. Mwenye kumpa mama yake zaka amejilipia deni lake kwa mali ya mafakiri. Zaka bado iko shingoni mwake, na nafaka hajaitoa. Twawaomba maimamu walisome hili mimbarini kabla ya Shaaban kuisha, wala wasiogope wafadhili wa misikiti.

Wako pia wazee wasio na mtoto, au ambao watoto wao wameshindwa kweli. Pendekezo lililoletwa na baadhi ya jamaa, kwamba kila msikiti uandikishe wazee wa namna hiyo katika mtaa wake na ikiwezekana jamaa kadhaa zishirikiane kujenga makazi, limepingwa kwa hoja kwamba nyumba za wazee ni desturi ya makafiri. Hoja hii ni dhaifu. Desturi inayolaumiwa ni ya mwana mwenye uwezo kumwondosha mzazi wake. Asiye na wa kumlisha, matumizi yake yako juu ya jamaa zake wa karibu, wakikosekana yako juu ya hazina ya Waislamu, na pasipo na hazina yako juu yetu sisi tuliosimama safu moja naye. Orodha yaweza kuanzwa Ijumaa ijayo kwa daftari moja na kalamu, na kwa chumba cha uani cha msikiti ambacho katika misikiti mingi kimejaa majamvi mabovu.

Wallahu a'alam.